Je, Wajua? Mvinyo Mweupe wa Familia, Kutoka Loire Hadi Meru

Je, wajua kwamba maandishi madogo kwenye chupa ya mvinyo wa Kifaransa yanaweza kukuambia kama aliyelima zabibu ndiye aliyezikamua? Arusha ni mji wa wageni, na maduka ya vinywaji ya Kijenge hayakosi chupa mbili tatu kutoka Ufaransa. Wanunuzi wengi huangalia bei na picha ya jumba la kifahari iliyochorwa kwenye lebo. Picha haisemi kitu. Jumba anaweza kulichora yeyote. Tafuta maneno “mis en bouteille au domaine” au “au château”. Maana yake ni kwamba mvinyo umetiwa chupani palepale shambani, kwa mwenye mizabibu. Ukikuta badala yake jina la kampuni iliyoko mji mwingine kabisa, mara nyingi huyo ni mfanyabiashara aliyenunua zabibu au mvinyo kwa wakulima wengi, akachanganya, akauza kwa jina lake. Si kosa, na kinywaji chenyewe kinaweza kuwa kizuri sana. Ila jina la mkulima limeishia njiani.

Kwa shampeni mambo ni rahisi zaidi. Pembeni mwa lebo kuna herufi mbili ndogo zikifuatwa na namba. RM ni mkulima aliyeitengeneza kwa zabibu za shamba lake. NM ni nyumba ya biashara inayonunua zabibu kwa wengine. Karibu majina yote makubwa yanayotajwa kwenye harusi na sherehe za mwisho wa mwaka ni NM. Aidha, juu ya kizibo cha chupa nyingi za Kifaransa utaona mchoro wa mtu aliyebeba pipa begani. Huo ni mhuri wa umoja wa wakulima wanaojitegemea: wanalima wenyewe, wanakamua wenyewe, wanajaza chupa wenyewe.

Naanza na lebo kwa sababu swali la nani amelima na nani amekamua ndilo linalotenganisha mvinyo wa familia na mvinyo wa kiwanda, na ni swali ambalo sisi wa huku Meru tunapaswa kulijali kuliko tunavyolijali sasa.

Shamba la familia si lazima liwe kubwa. Huko Savennières, karibu na mji wa Angers kwenye bonde la mto Loire, kuna mteremko uitwao Coulée de Serrant. Ukubwa wake ni hekta 7 hivi, sawa na ekari 17. Watawa walipanda mizabibu hapo mwaka 1130, na mpaka leo pamebaki shamba la mizabibu. Familia ya Joly ililinunua miaka ya 1960, na kijana wao Nicolas, aliyekuwa akifanya kazi ya benki, aliacha ofisi akarudi nyumbani kulima bila dawa za viwandani. Mteremko huo mmoja, mali ya familia moja, una jina lake la asili linalolindwa na sheria ya Ufaransa, kama vile mikoa mizima inavyolindwa. Mvinyo wake ni mweupe mtupu, na unatokana na zabibu aina moja tu: Chenin Blanc.

Mashariki ya hapo, karibu na mji wa Tours, ndiko Vouvray, na Vouvray ndiko Chenin Blanc inakoonyesha maajabu yake. Zabibu hiyohiyo moja hutoa mvinyo mkavu usio na sukari, mvinyo wenye utamu wa wastani, mvinyo mtamu kama asali, na mvinyo wenye povu. Mkulima hajui mwanzoni mwa mwaka atapata upi. Hali ya hewa ya vuli ndiyo inayoamua. Jua likiwaka sana anasubiri, anapita shambani mara ya kwanza akichuma vichala vilivyoiva, anarudi tena baada ya siku kadhaa, na tena. Mwaka wa baridi na mvua anavuna mapema na kutengeneza mkavu au wa povu. Kuna hata miaka ambayo ukungu aina ya Botrytis hushambulia zabibu zilizoiva, ukazinyonya maji na kuziacha zimekunjamana kama zabibu kavu. Kwa mazao mengine hilo ni janga. Huko wanaufurahia ukungu huo, kwa kuwa sukari inayobaki ndani ni nzito na mvinyo wake hukaa miongo mingi bila kuharibika.

Je, wajua kwamba treni ya kasi ya Ufaransa inapita chini ya mizabibu ya Vouvray? Reli ya TGV kuelekea Tours ilipopangwa, njia yake ilikuwa ikate mashamba. Wakulima waligoma, wakiongozwa na meya wao, Gaston Huet, ambaye naye alikuwa mkulima wa mizabibu. Familia yake ilianza na shamba hilo mwaka 1928. Huet alikuwa amepitia vita ya pili ya dunia na kukaa miaka mitano kama mfungwa wa vita huko Ujerumani, kwa hiyo mainjinia wa reli hawakumtisha. Mwishowe likachimbwa handaki, mizabibu ikabaki juu. Shamba hilo, hata hivyo, halikubaki mikononi mwa familia milele: mwaka 2003 lilichukuliwa na mwekezaji, Anthony Hwang, ingawa jina la Huet bado liko kwenye chupa.

Hapo ndipo penye ugumu wa mashamba ya familia, na wasomaji wa mlimani watauelewa haraka kuliko watu wa nchi nyingi. Sheria za Napoleon za mwaka 1804 ziliagiza watoto wote wagawane urithi, wa kike sawa na wa kiume. Ni haki, lakini ardhi haiongezeki. Mfano unaotajwa zaidi ni Clos de Vougeot huko Burgundy: hekta 50 zilizozungushiwa ukuta mmoja na watawa wa Cîteaux, mali moja kwa karne nyingi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa, wanunuzi wakafuata, urithi ukafuata, na leo ndani ya ukuta uleule wamo wamiliki wapatao 80. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu, na kila mmoja anatengeneza mvinyo wake.

Mchagga mwenye kihamba na Mmeru mwenye shamba la migomba wanaisoma habari hiyo kama ya jirani. Baba ana watoto wa kiume watano, kihamba kinakatwa vipande vitano, wajukuu wanapata eneo la nyumba na migomba kumi. Ardhi kwenye miteremko ya Meru imekuwa nyeti kwa muda mrefu. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Familia nyingi za Ufaransa zimejaribu njia nyingine: ardhi inawekwa ndani ya kampuni ya familia, watoto wote wanakuwa na hisa, mmoja au wawili wanalima, wengine wanapata gawio. Shamba linabaki zima. Nadhani ni wazo ambalo koo zetu zingelipima, kwa sababu mgomba unahitaji nafasi na mbolea ya ng'ombe kama mzabibu unavyohitaji nafasi na jua.

Je, wajua kwamba mvinyo mweupe unaweza kutengenezwa kwa zabibu nyeusi? Chukua zabibu nyeusi za soko la Kilombero, aina nyingi ukizipasua utakuta nyama ya ndani haina rangi. Rangi yote iko kwenye ganda. Ukizikamua haraka na kutenga maji na maganda, unapata maji meupe yanayokaribia manjano. Ukiyaacha yachachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa, rangi inatoka na unapata mvinyo mwekundu. Sehemu kubwa ya shampeni, kinywaji cheupe kabisa, inatokana na zabibu nyeusi za Pinot Noir na Meunier. Tofauti ni mwendo wa mkamuaji.

Kinachofuata ni kazi ya hamira. Hivi ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, aina ya kuvu, vinavyokula sukari na kutoa pombe na hewa ya kaboni. Watu walikuwa wakichachusha vinywaji kwa maelfu ya miaka bila kujua nani anafanya kazi hiyo. Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1863 mfalme Napoleon wa Tatu alimwomba achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa ulikuwa ukiharibika njiani ukisafirishwa. Pasteur aliyekulia Arbois, mji wa mizabibu, aligundua kwamba ukiupasha mvinyo joto la nyuzi 50 hadi 60 kwa muda mfupi, vijidudu vinavyouchachisha vibaya vinakufa na ladha inabaki. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1866. Pakiti ya maziwa unayonunua dukani Kijenge imepita kwenye njia iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya mvinyo.

Basi tuje mlimani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inastahili kukaliwa chini na kuelezwa taratibu, kwa sababu ufundi wake haupungui ule wa Vouvray. Akina mama ndio mabingwa wake. Ndizi zinachaguliwa zikiwa zimeiva vizuri, zinamenywa, zinachemshwa kwenye sufuria kubwa au pipa kwa saa nyingi, mpaka zinabadilika rangi na kuwa nyekundu yenye hudhurungi. Mchanganyiko huo unafunikwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Wakati huohuo ulezi umeloweshwa, ukaota, ukaanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Unapikwa uji, uji huo unaitwa mso. Maji ya ndizi yanachujwa, yanachanganywa na mso, na inayofuata ni siku moja ya kusubiri. Ladha ya uchungu, ile inayozuia utamu usichoshe, inatoka kwenye maganda ya mti uitwao msesewe, ambao wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Maganda yanachubuliwa, yanatwangwa na kutiwa kwa kipimo. Yakizidi mbege haipiti kooni. Yakipungua wazee watasema imepikwa na mtoto. Kipimo hicho hakijaandikwa popote. Mama anamwonyesha binti yake, na binti anaonja mpaka ulimi wake unajua.

Wafaransa nao wanategemea ganda la mti. Kizibo cha chupa kinatoka kwenye ganda la mwaloni unaoota zaidi Ureno na Hispania. Mti unasubiriwa mpaka utimize miaka 25 ndipo uchubuliwe mara ya kwanza, kisha unachubuliwa kila baada ya miaka 9, na unaishi hata miaka 200. Ganda la mara ya kwanza na la pili halifai kwa vizibo. Mkulima anayepanda mwaloni leo anawapandia wajukuu.

Je, wajua kwamba Arusha ina mvinyo wake wa familia, na kwamba hautokani na zabibu? Mwaka 1993 Adolf Olomi alianzisha Banana Investments, kampuni ya kifamilia inayotengeneza mvinyo wa ndizi. Bidhaa zake, Raha, Malkia na Meru, zinajulikana sana kwenye grosari na baa za mitaa ya Kaskazini, nazo Kijenge ni za kawaida kabisa. Kimsingi kazi ni ileile ya mama wa mbege: ndizi mbivu, kupika, kuchuja, hamira. Tofauti ni kwamba kimea na msesewe havimo, kinachobaki ni kinywaji cheupe chenye kung'aa, kinachochujwa vizuri na kutiwa chupani ili kikae miezi. Mbege haina subira hiyo. Ikipita siku mbili tatu inakuwa kali, baadaye inageuka siki. Kuchukua tunda la shamba la nyumbani na kulipatia maisha marefu ndani ya chupa yenye alama ya ubora ya TBS ni jambo kubwa, na sioni kwa nini mtu wa Arusha aagize chupa ya mbali kwa fahari huku akiona haya kumpa mgeni wake kilichotengenezwa mtaani kwake.

Ufaransa yenyewe isingekubali chupa hiyo iandikwe mvinyo bila kutaja ndizi. Sheria ya mwaka 1889 ilisema mvinyo ni kile tu kinachotokana na zabibu mbichi zilizochachuka au maji yake. Sababu ya sheria hiyo ilikuwa udanganyifu. Miaka hiyo mizabibu ilikuwa imekufa kwa wingi, na wafanyabiashara walikuwa wakilowesha zabibu kavu kutoka nje, au kuchachusha sukari na makapi, na kuuza kama mvinyo halisi.

Kilichoua mizabibu hiyo ni mdudu mdogo kuliko kiroboto, filoksera, aliyeingia Ulaya kutoka Marekani miaka ya 1860, akijificha kwenye miche iliyosafirishwa kwa meli. Anakula mizizi. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikifa kusini mwa Ufaransa na kumkuta. Dawa zilishindwa. Kilichofaa ni kuunganisha: shina na mizizi ya mzabibu wa Marekani, ambao umemzoea mdudu huyo, juu yake tawi la mzabibu wa Kifaransa. Karibu kila shamba la mizabibu Ufaransa leo limesimama juu ya mizizi ya Kimarekani.

Mdudu aliweza kuteketeza nchi nzima kwa sababu mizabibu ya Ulaya haikuwa na kinga dhidi yake, na mizabibu ya aina moja ni kama mti mmoja uliokatwa vipande. Chenin Blanc haipandwi kwa mbegu. Mkulima anakata tawi na kulichomeka, na kila mche unabeba damu ileile. Mgomba uko hivyohivyo. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda. Tunang'oa chipukizi na kumpa jirani. Ndiyo maana mnyauko wa bakteria ulipoingia mkoa wa Kagera mwaka 2006 ulienea kijiji hadi kijiji, kwenye miche na kwenye panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Usafi wa panga, yaani kulichoma moto au kulisafisha kwa dawa kabla ya kuhamia shina lingine, ni kinga inayomgharimu mkulima dakika chache.

Tukirudi kwenye mvinyo wenyewe, mwambao wetu uliuonja zamani sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki kwenye karne ya kwanza baada ya Kristo, kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinasema wafanyabiashara waliokuja kwenye pwani ya Azania, ambako bandari ya mwisho ilikuwa Rhapta, walileta pia mvinyo kidogo na ngano. Si kwa ajili ya kuuza, kinaeleza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Karne nyingi baadaye pwani hiyohiyo ikawa ya Waislamu na pombe ikawekwa kando. Na huko Iringa, watu hawakuhitaji meli yoyote: ulanzi wao unagemwa kutoka kwenye chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, ukichuruzika ukiwa mtamu asubuhi na kuwa na nguvu jioni.

Chenin Blanc ilifika Afrika kwa njia ya kusini. Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeanzisha kituo cha Cape, alipanda mizabibu, na tarehe 2 Februari 1659 mvinyo wa kwanza ukakamuliwa. Chenin ikapewa jina la Steen na kuzoeleka kiasi kwamba watu walisahau asili yake. Wakimbizi wa dini kutoka Ufaransa, Wahuguenoti, walifika mwaka 1688 wakaongeza ujuzi. Leo Afrika Kusini ina Chenin Blanc nyingi kuliko Ufaransa yenyewe. Chupa nyeupe ya bei nafuu unayoikuta kwenye supamaketi ya Arusha, ukisoma mgongo wake, huenda ikawa ni hiyo.

Na iko Tanzania. Je, wajua kwamba zabibu ya Vouvray inalimwa Dodoma? Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, pale Bihawana, miaka ya 1950, kwa kuwa misa haifanyiki bila divai. Kutoka misheni ikaenda kwa wananchi. Enzi za mashirika ya umma kulikuwa na kiwanda cha Dowico. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha Cetawico kikaanza Hombolo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora ndicho kinachotunza na kujaribu aina za zabibu kwa nchi nzima. Nyingi shambani ni Makutupora nyekundu, inayovumilia hali ya huko. Pamoja nayo ipo Syrah, ambayo kwao ni bonde la Rhône, na Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe.

Mzabibu wa Ulaya unalala wakati wa baridi. Majani yanadondoka, mti unabaki mkavu miezi kadhaa, unaamka masika. Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza: anapogoa matawi yote, mti unapumzika kidogo, kisha unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Kwa hiyo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Vouvray inavuna mara moja. Mavuno ya Februari hukutana na mvua, ukungu ukapata nafasi na sukari ikapungua. Ya Agosti huiva kwenye ukavu na jua kali, na hayo ndiyo matamu.

Kabla sijamaliza habari za Dodoma, jambo moja kwa wanaonunua. Ukiweka chupa ya mvinyo mweupe kwenye friji siku nyingi unaweza kuona chini yake chembechembe zinazong'aa kama vipande vya kioo. Watu huzirudisha dukani wakidai chupa imepasuka ndani. Si kioo. Ni chumvi ya tindikali ya zabibu, iliyojitenga kwa sababu ya ubaridi, na haina madhara. Chumvi hiyohiyo ikisafishwa hutumika kwenye unga wa kuumulia keki. Mvinyo mweupe unanywewa kwenye nyuzi 8 hadi 12. Mapango ya chokaa ya Vouvray, ambamo chupa huhifadhiwa, yana nyuzi 12 mwaka mzima, na asubuhi ya Julai hapa Kijenge inafika karibu na hapo bila friji. Na nguvu yake ni asilimia 12 hadi 14, zaidi ya mara mbili ya bia, hivyo haupimwi kwa glasi ya bia. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Mama mjamzito na mtoto hawana sehemu katika habari hii.

Sasa mkulima wa Dodoma. Zabibu iliyovunwa haingoji. Ndani ya siku chache inaanza kuoza, na mwenye shamba asiye na mashine anauza kwa bei anayopangiwa. Mavuno yakiwa makubwa na wanunuzi wachache, zabibu zinabaki mtini. Jibu walilolipata wakulima na vikundi vyao linaitwa mchuzi wa zabibu: wanakamua na kuchachusha wenyewe, wanahifadhi kwenye matangi, kisha wanauza mchuzi kwa viwanda vinavyoumalizia na kuutia chupani. Mchuzi unaweza kusubiri miezi, na mkulima akapata muda wa kujadiliana. Serikali nayo inatoza ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nyumbani, ili kiwanda kisipende kuagiza mchuzi wa nje. Kilichobaki ni hatua ile ya mwisho, chupa na jina. Mkulima mwenye tangi la mchuzi wa Chenin Blanc ameshafanya sehemu kubwa ya kazi anayoifanya mwenzake wa Vouvray. Anachokosa ni chujio, chupa, vizibo, cheti na mtaji wa kukaa na mali mpaka inunuliwe. Vyama vya ushirika, mabenki na shirika la viwanda vidogo, SIDO, wangeweza kuweka mtambo mmoja wa kujazia chupa unaotumiwa kwa zamu na familia nyingi. Ufaransa ipo hivyo: malori yenye mtambo wa kujaza chupa huzunguka mashambani na kuegeshwa uani kwa mkulima siku moja au mbili, na chupa zinazotoka hapo zinaandikwa kwa haki kabisa kwamba zimejazwa shambani.

Anayetaka kuona mavuno matamu apange safari ya Agosti. Basi la Dodoma kutoka Arusha linapita Babati na Kondoa kwa lami tupu, na Makutupora iko kandokando ya barabara hiyohiyo, kabla hujaingia mjini. Hombolo iko upande wa kaskazini mashariki. Wachumaji huanza alfajiri, kabla jua halijazipasha zabibu, na kufikia saa 4 asubuhi makreti huwa yameshafika kwenye mizani.